Mbegu za mwarobaini zinazofagiliwa Mombasa

Mwezi Mei mwaka 2000, Ofisi ya Hataza ya Ulaya mjini Munich, Ujerumani, ilifuta hataza nambari 0436257, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi. Wenye hataza hiyo walikuwa Wizara ya Kilimo ya Marekani pamoja na kampuni ya W.R. Grace, na walikuwa wamepewa mwaka 1994. Ilikuwa inalinda njia ya kuzuia kuvu kwenye mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Naam, mwarobaini huu huu unaotupa kivuli Kisauni, Majengo na Likoni hapa Mombasa. Waliopinga ni mwanaharakati Vandana Shiva wa India, Magda Aelvoet aliyekuwa katika Bunge la Ulaya, na IFOAM, shirikisho la kilimo hai duniani. Ushahidi mzito ulitoka kwa Abhay Phadke, mwenye kiwanda huko India, aliyeeleza kwamba kwao kazi hiyo ilikuwa ikifanywa tangu zamani, kabla ombi la hataza halijapelekwa. Wenye hataza wakakata rufaa, na Machi 2005 rufaa yao ikatupwa.

Kisa hiki kikisimuliwa aghalabu huishia kwenye ushindi, na kushangilia ni haki. Mimi hukirudia kwa sababu nyingine. Ndani ya hataza ile mlikuwa na jambo ambalo huku kwetu halijaenea: mafuta yaliyotajwa hukamuliwa kwenye mbegu, tena ni mafuta ambayo azadiraktini, ile kemikali iliyoupa mwarobaini sifa, imeshaondolewa kwa sehemu kubwa. Azadiraktini kazi yake ni wadudu. Huwakatisha hamu ya kula na huvuruga ukuaji wao wakashindwa kujivua ngozi. Kuvu ni shauri jingine, na ndani ya mti ule ule dawa yake ni nyingine.

Nasi watu wa Pwani tumezoea majani. Majani tunayachemsha tukanywa, tunajifukiza, tunamwogeshea mtoto mwenye upele. Kwa hivyo mkulima akiona matango yake yameingia ugonjwa, mkono wake huenda kwenye majani kwanza. Huko Mwakirunge kuna bi mkubwa jirani wa shamba langu ambaye alinionyesha tuta la matango lililokuwa limevaa weupe kutoka mwanzo hadi mwisho.

“Mwanangu, hebu tazama unga huu. Nalitwaa majani ya mwarobaini, nikayatokosa mpaka maji yakawa meusi, nikamwagia. Unga u pale pale.”

“Ulianza kumwagia lini, bibi? Kabla unga haujatanda?”

“Kabla kwani nilikuwa naumwa na nini? Dawa ni ya mgonjwa.”

Jibu lake limenikaa kichwani kwa sababu ndilo jibu la karibu kila mkulima ninayemjua, na ndipo dawa za mimea zinapopoteza jina lao jema. Karibu zote, dhidi ya kuvu, ni kinga. Zinazuia vijimbegu vya kuvu visichipue juu ya jani, au zinapunguza kasi yake pale palipoanza madoa machache. Jani lililokwisha kuliwa halirudi. Mtu akimwagia tuta ambalo limeshakuwa jeupe lote, atasema mwarobaini ni bure, na jirani atamsikia.

Nilichuma jani moja la tango lile nikaligeuza. Unga ulikuwa juu na chini, mabaka ya mviringo yaliyoanza kukutana, na ukipitisha kidole unabaki kidoleni. Huu ndio ubwiriunga, ugonjwa ule ule wa kundi linalosumbua mikorosho ya Kilifi na Kwale, na maua ya miembe pia. Kuvu yake haizami ndani ya jani. Hutandaza nyuzi juu na kuteremsha vinyonyeo katika ngozi ya jani. Kwa kuwa inakaa nje, inafikika. Mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa vizuri hulifunika jani kwa utando mwembamba, nyuzi zikakosa nafasi na vijimbegu vikashindwa kuchipua. Ndiyo maana, nikiulizwa pa kuanzia na dawa za mimea, nasema anzia na ubwiriunga. Hapo ndipo zinapoonyesha kazi kwa uwazi.

Sasa kuchanganya vizuri, hapa Mombasa, kuna mtihani wake ambao vitabu vya bara havitaji. Mafuta hayaingiani na maji mpaka pawe na sabuni. Maji ya bomba yanatoka mbali, Mzima, Marere, Baricho, na yakikatika tunarudi visimani. Kisiwa chetu na ukanda huu wote umekaa juu ya mawe ya matumbawe, kwa hivyo maji ya visima ni magumu, yana chokaa, na mengine yana chumvi. Ukikwangua sabuni ya kipande ukaitia kwenye maji hayo, sabuni inashikana na chokaa inakuwa utando wa kijivu unaoelea, na mafuta yanajitenga yakapanda juu. Mkulima anapuliza. Mimea ya kwanza inapata maji matupu, ya mwisho inapata mafuta mazito na kuungua. Halafu chumvi nayo inakausha ncha za majani, na mwarobaini ndio unaolaumiwa.

Dawa yake si ngumu. Kinga maji ya mvua kwenye pipa, au weka akiba ya maji ya bomba kwa kazi hii peke yake. Kabla ya kujaza bomba la kupulizia, jaribu kwanza ndani ya chupa ya kioo: maji, sabuni kidogo ya maji ya kuoshea vyombo, kisha mafuta, utikise. Yakigeuka kama tui jepesi na yakakaa hivyo, sawa. Yakitengana mara moja, maji hayo hayafai. Kipimo ninachotumia ni kijiko kimoja cha chai cha mafuta, yaani kama mililita 5, kwa kila lita ya maji. Bomba la lita 20 linapata mililita 100. Napuliza jioni jua likishapoa, juu na chini ya majani, na narudia baada ya wiki, au mapema zaidi mvua ikipita. Kwanza kabisa napuliza mimea miwili mitatu pembeni nikasubiri siku mbili, kwa sababu kuna aina ambazo hazipendi mafuta. Na ikiwa umetumia salfa, subiri angalau wiki mbili kabla ya kuleta mafuta. Salfa na mafuta vikikutana juu ya jani, jani linaungua. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu salfa ni dawa ya kawaida sana kwenye mikorosho na miembe yetu.

Hayo ni ya ubwiriunga. Shida ni kwamba shambani watu wana jina moja kwa kila kitu: “mdudu ameingia.” Nyanya ikinyauka, mdudu. Bamia likiwa na madoa, mdudu. Papai likioza, mdudu. Na dawa ya mimea haina nguvu ya kusamehe kosa la kutambua ugonjwa. Nyanya inayonyauka ghafla adhuhuri ikiwa bado kijani, kata shina lake karibu na ardhi, litumbukize kwenye glasi ya maji safi lisimame. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinateremka kutoka kwenye mkato, huyo ni bakteria anayeishi udongoni, si kuvu. Hakuna mwarobaini, hakuna kitunguu saumu, na kwa kweli hakuna chupa yoyote ya dukani itakayouponya mmea huo. Ng’oa, uuchome, na msimu ujao usipande nyanya, bilingani wala pilipili mahali hapo. Ikiwa majani yanageuka manjano upande mmoja na ndani ya shina kuna rangi ya kahawia, hapo ni kuvu ya Fusarium, lakini imeingia kwa mizizi na inapanda ndani ya mirija ya maji. Unachopuliza juu ya jani hakiifikii. Kwa hiyo tunabaki na magonjwa ya juu ya jani na ya tunda: ubwiriunga, kutu, bakajani tangulizi lenye miduara ndani ya miduara, na chule, yale madoa meusi yanayoozesha matunda.

Bakajani chelewa, lile lililoua viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, ni la nchi za baridi. Kisayansi hata si kuvu halisi. Nasaba yake iko karibu zaidi na mwani. Nalitaja kwa sababu ushauri mwingi unaotufikia kwa simu umeandikwa na wakulima wa Limuru au Kinangop, wanaopigana na adui ambaye kwa joto letu ni mgeni. Mapishi yao si lazima yawe yetu.

Chule inastahili kukaliwa kitako, kwani ndiyo inayotunyang’anya maembe. Ukienda soko la Kongowea msimu wa maembe utayaona ngowe, boribo na dodo yamepangwa, ngozi safi, hayana doa. Yafikishe nyumbani, uyaache yaive. Siku ya tatu doa jeusi la ukubwa wa shilingi, siku ya tano nusu ya embe imekwenda. Mnunuzi anadhani limeharibikia njiani. Ukweli ni kwamba kuvu hiyo, Colletotrichum, iliingia mvua zilipoyakuta maua na viembe vichanga mtini, ikachipua kidogo ndani ya ngozi, kisha ikalala. Ililala miezi. Na kilichoilaza ni embe lenyewe: ganda la embe bichi lina kemikali za kundi la rezosinoli zinazoizuia kuvu isisonge mbele. Embe linapoiva kemikali hizo hupungua, sukari huongezeka, na kuvu huamka.

Nilipolielewa hili niliona wazi kwamba dawa za mimea hazina uchawi wowote. Mmea hauna miguu ya kukimbia wala mkono wa kujikuna, kwa hiyo unajitengenezea kinga ndani ya mwili wake, na sisi tunaazima kinga ya mmea mmoja kuupa mwingine. Karafuu inatupa yujenoli, mchaichai unatupa sitrali, mdalasini una yake. Kemikali hizi hupenda mafuta, na utando laini unaozunguka chembe ya kuvu umejengwa kwa mafuta, ndani yake mkiwa na ergosteroli, aina ya mafuta ya kuvu. Zikipenya humo utando unavuja, vya ndani vinatoka nje, kuvu inakufa au inadumaa. Kitunguu saumu kina mpango tofauti kidogo. Kikiwa kizima hakina alisini, ile kemikali yake inayopambana na kuvu. Ni pale unapokiponda ndipo kimeng’enya kilichokuwa chumba kimoja kinakutana na malighafi iliyokuwa chumba kingine, na alisini inazaliwa papo hapo. Kwa hiyo kiponde kikiwa kibichi, kiache dakika kadhaa, chuja kwa kitambaa, kitumie siku hiyo hiyo. Anayekichemsha kizima kizima anaua kimeng’enya kabla hakijafanya kazi. Na maji yaliyowekwa ndooni wiki nzima yamebaki na harufu tu.

Mbona basi karafuu, inayoshinda karibu kila kuvu kwenye kisahani cha maabara, haijatamalaki mashambani? Kwa sababu kisahani kimefunikwa. Hakina jua la saa saba mchana la Mombasa, hakina upepo wa kusi, hakina mvua. Mafuta yenye harufu huruka. Ile harufu inayokujia puani ukiwa umepuliza mafuta ya karafuu shambani ndiyo dawa yenyewe inaondoka. Mafuta mazito ya mwarobaini yanashikilia jani muda mrefu zaidi, lakini nayo jua linayala. Ndiyo sababu naamini mafuta ya karafuu na mdalasini mahali pake ni ghalani na ndani ya masanduku ya matunda, mahali palipofungwa, ambapo harufu inabaki na kufanya kazi. Kwa maembe, hata hivyo, kuna njia rahisi kuliko zote hizo: maji ya moto ya nyuzi 52, dakika 5 hadi 10, mara tu yanapochumwa, kisha kuyapoza na kuyakausha. Yanaua chule iliyolala. Pima kwa kipimajoto, usipime kwa mkono, kwa sababu ukizidisha nyuzi chache ganda linababuka.

Nchi nyingine zimekwenda mbele kwa njia hii bila kelele. Mafuta ya mti wa Australia uitwao Melaleuca alternifolia yanauzwa kama dawa dhidi ya sigatoka nyeusi, ugonjwa wa kuvu wa majani ya migomba. Dawa inayotokana na mmea wa Asia ya Mashariki uitwao Reynoutria sachalinensis haiiui kuvu moja kwa moja. Inauamsha mmea uliopulizwa ujenge kinga zake mapema. Na sisi Kenya hatukuanza jana. Kwa miaka mingi nchi yetu iliongoza ulimwengu kwa pareto, ua lililogeuzwa kuwa dawa ya wadudu ikauzwa kila bara. Sayansi ya kugeuza mmea kuwa dawa yenye kipimo tumewahi kuwa nayo mikononi.

Nasema kipimo kwa makusudi. Dawa ya mimea nayo ni dawa. Wapo wanaoloweka tumbaku wakanyunyizia mboga kwa imani kwamba kitu cha shambani hakimdhuru mtu. Nikotini ni sumu kali, hupenya hata kwenye ngozi ya anayepuliza, dhidi ya kuvu haina kazi ya maana, na maji ya tumbaku yanaweza kubeba virusi vya batobato vya tumbaku vikaingia kwenye nyanya zako. Jambo la pili ni mahindi. Mwaka 2004 watu 125 walikufa Makueni, Kitui na maeneo jirani kwa sumukuvu, kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa. Kuvu ya Aspergillus flavus ndiyo inayotia sumu hiyo kwenye nafaka. Nimeona mahindi yenye ukungu yakichanganywa na majani makavu ya mwarobaini na kupelekwa kinuni kama yaliyosafishwa. Nawasihi, msifanye hivyo. Majani yanaweza kuwapunguza wadudu wanaotoboa punje, lakini sumu ikishaingia haitoki kwa jani, wala kwa kuchemsha, wala kwa kusonga sima mpaka ive vipi. Mahindi yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, yainuliwe juu ya mbao yasiguse sakafu, na kwa hewa yetu hii ya bahari yahifadhiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, la sivyo yatanyonya unyevu upya. Yaliyoota ukungu yatupwe. Hata kuku asipewe.

Narudi kwenye mbegu, kwa sababu hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Msimu matunda yakigeuka manjano, chini ya kila mwarobaini mjini panakuwa na zulia. Popo na ndege wanakula nyama ya tunda, mbegu inabaki. Asubuhi zinafagiliwa pamoja na majani na mifuko ya nailoni, zinapakiwa lorini na kupelekwa jaa la Mwakirunge. Mwakirunge, jirani na mashamba yale yale ambayo wakulima wake wananunua mafuta ya mwarobaini kwa chupa ndogo dukani, na chupa nyingi nilizozishika zimeandikwa zimetoka India. Kiini cha mbegu hiyo karibu asilimia 40 ya uzito wake ni mafuta. Tunatupa mafuta upande mmoja wa barabara na kuyanunua upande wa pili.

Kuyapata hakuhitaji maajabu. Matunda yaokotwe yakiwa yameanguka karibuni au yachumwe yakiwa manjano, nyama yake ioshwe yote, mbegu zianikwe kivulini kwenye jamvi mpaka zikikunwa zilie kavu, zitiwe kwenye gunia la katani na siyo la plastiki. Zikiwekwa na unyevu zinaota ile ile Aspergillus, na mafuta ya mbegu zilizooza hayafai. Kwa matumizi ya shamba dogo, viini vinatwangwa kinuni, vinakandwa kwa maji ya vuguvugu kidogo kidogo na kukamuliwa, na akina mama waliokulia kwenye kukuna nazi na kukama tui hawatahitaji mwalimu. Mafuta yanatoka machache na mikono inachoka. Kwa mashine ya kukamua bila moto yanatoka mengi zaidi, na mashine moja ingetosha vikundi kadhaa.

Ninachokiomba ni vikundi vya Mwakirunge, Likoni na Mtongwe kupewa nafasi ya kukusanya mbegu barabarani kabla fagio halijapita, na pawe na mahali pamoja pa kukaushia na kukamulia. Watafiti wa KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, wako karibu, Mtwapa. Sampuli za mafuta zipimwe kwao, zijulikane nguvu yake kwenye ubwiriunga wa matango, wa bamia na wa maua ya miembe, kwa maji yetu na joto letu. Na ikiwa mafuta hayo yatauzwa kwa wakulima wengine, yapitie Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, PCPB, yasajiliwe, yawe na kibandiko chenye kipimo, tarehe na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kazi hiyo inachukua muda na fedha, na kikundi cha watu kumi na tano hakiwezi kuibeba peke yake. Kaunti inaweza. Mbegu za kuanzia ziko chini ya miti, na msimu ukifika hakuna anayezidai.